Tiba mtandao baada ya korona: simu ikishakatwa, mgonjwa anakwenda wapi?

Machi 27, 2020 Kenya iliingia kwenye kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Matatu zikaegeshwa, waendesha bodaboda wakaogopa virungu vya polisi, na wajawazito wakabaki na swali ambalo amri ile haikulijibu: uchungu ukinishika saa 6 usiku, nitafikaje hospitali? Daktari Jemimah Kariuki, wakati huo akisomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake Nairobi, aliona wodi ya wazazi ikipungua watu, kisha akaona kinamama wakiletwa wamechelewa na hali zao mbaya. Akaandika mtandaoni kuwaombea usafiri. Ombi hilo likazaa huduma ya Wheels for Life: mama alipiga 1196 bila malipo, akazungumza na daktari, na daktari akaamua kama ni jambo la kusubiri nyumbani hadi kupambazuke, la kutumiwa teksi yenye kibali cha kupita usiku, au la ambulensi.

Naanza na 1196 kwa sababu inaonyesha jambo ambalo mijadala mingi ya tiba mtandao hulipita mbiombio. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya sauti tu, kwenye simu ya aina yoyote, hata kitochi. Mama alifika salama kwa sababu daktari alipomaliza kuzungumza palikuwa na gari la kumtuma.

Tangu janga lipoe, hospitalini, wizarani na kwenye ofisi za bima watu wanaulizana kama tiba mtandao ibaki au iachwe. Naona swali hilo limekaa vibaya, kwa sababu tunazungumzia huduma kadhaa zisizofanana kana kwamba ni moja. Kuna mgonjwa na mtabibu wanaozungumza papo kwa papo, kwa sauti au kwa video. Kuna ujumbe unaotumwa sasa na kujibiwa baadaye: picha ya upele, ya kidonda, ya eksirei, au karatasi ya majibu ya maabara. Kuna ufuatiliaji wa mbali, ambapo mgonjwa anajipima presha, sukari au oksijeni nyumbani na tarakimu zinamfikia muuguzi. Na kuna mtabibu kumuuliza mtabibu mwenzake, kama afisa tabibu wa kituo cha afya anayempelekea daktari bingwa wa hospitali ya rufaa maelezo na picha za mgonjwa aliyeketi mbele yake. Tiba mtandao ikitajwa, wengi huwaza ile ya kwanza, tena ya video. Hiyo ndiyo inayokula bando zaidi, ndiyo inayodai simu ya bei, na katika mazingira yetu ndiyo inayofikia watu wachache zaidi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1905 Willem Einthoven, aliyebuni mashine ya kupima umeme wa moyo, alipitisha mapigo ya mioyo ya wagonjwa kwenye waya wa simu kutoka hospitali ya Leiden, Uholanzi, hadi maabara yake iliyokuwa umbali wa kilomita 1.5 hivi. Hapa kwetu, AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, lilizungumza kwa redio na hospitali za misheni na vituo vya mbali miongo mingi kabla ya simu ya mkononi. Muuguzi alieleza dalili hewani, daktari wa Nairobi akauliza maswali, wakaamua pamoja kama ndege ya kumfuata mgonjwa iruke. Ile 1196 ilifuata mpango huohuo.

Basi kama zana zilikuwepo, mbona ilibidi dunia ifungwe ndipo zitumike? Jibu liko kwenye malipo na sheria, na Marekani ndiko linakoonekana wazi zaidi. Kabla ya janga, Medicare, bima ya serikali kwa wazee na baadhi ya watu wenye ulemavu, kwa sehemu kubwa ililipia tiba mtandao kwa mgonjwa wa vijijini tu, tena akiwa ndani ya kituo cha afya kilichotambuliwa. Aliyepiga kutoka sebuleni kwake hakuhesabiwa. Machi 2020 masharti hayo yakasimamishwa. Muda mfupi baadaye hata simu ya sauti tupu ikaanza kulipiwa, na wasimamizi wa faragha wakatangaza kwamba hawatawaadhibu madaktari wanaotumia FaceTime, Skype au Zoom kwa nia njema. Hesabu za serikali zinaonyesha kuwa ziara za tiba mtandao za wanachama wa Medicare zilipanda kutoka takriban 840,000 mwaka 2019 hadi milioni 52.7 mwaka 2020. Simu na kompyuta zilikuwa zilezile za mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni kwamba daktari aliyepokea simu alianza kulipwa.

Kwa kuwa ruhusa hiyo ilikuja kama ya dharura, kwa sehemu kubwa imebaki ikining'inia. Bunge limekuwa likiiongeza kwa vipande vya miezi, na Oktoba 2025, shughuli za serikali zilipositishwa kwa kukosa bajeti, muda wake ukaisha na haikurudishwa hadi katikati ya Novemba. Fikiria daktari anayepanga miadi ya mgonjwa wa moyo bila kujua kama mwezi ujao kazi hiyo italipwa. Afya ya akili ilipewa ruhusa ya kudumu mapema zaidi, Desemba 2020, na hilo linaeleweka: sehemu kubwa ya tiba hiyo ni kusikiliza, na kusikiliza kunawezekana kwa simu.

England haikuwa na kizuizi cha malipo cha namna hiyo, kwa hiyo mabadiliko yalikuwa ya haraka tu. Mwaka 2019 miadi karibu 8 kati ya 10 za madaktari wa familia zilikuwa za ana kwa ana, na Aprili 2020 zikashuka chini ya nusu. Baadaye zimepanda tena hadi takriban theluthi mbili. Hazijarudi zilipokuwa, na sidhani zitarudi.

India ilikwenda njia ninayoiona ya busara zaidi. Machi 25, 2020, siku nchi nzima ilipofungwa, ilitoa mwongozo wa tiba mtandao unaoingia hadi kwenye dawa. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kuziandika kwa njia yoyote, mfano za homa au maji ya chumvichumvi. Zipo ambazo kwa mgonjwa mpya zinadai video. Zipo za kumwongezea mgonjwa ambaye tayari ameshaonwa kwa ugonjwa huohuo. Na zipo zilizopigwa marufuku kabisa, zikiwemo za kundi la kulevya. Daktari hakuambiwa tu kwamba ameruhusiwa. Aliambiwa ruhusa hiyo inaishia wapi. Huduma ya taifa ya eSanjeevani, iliyokuwa imeanza mwaka 2019, ilifungua mlango wa mgonjwa aliyeko nyumbani Aprili 2020, na kufikia Februari 2023 ilikuwa imetoa ushauri zaidi ya milioni 100. Hata hivyo, mlango wake mwingine ndio unaonivutia zaidi: mhudumu wa kituo cha kijijini anakaa na mgonjwa, anampima, kisha anamwita daktari kwenye skrini.

Sheria ikishatoa ruhusa, inabaki kazi yenyewe. Daktari aliyefundishwa kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza kifua anabaki na sikio moja, na pengine picha yenye ukungu. Anayeifanya vizuri haanzi na "unasumbuliwa na nini". Anaanza na: uko wapi sasa hivi? Hali ikibadilika katikati ya mazungumzo, ambulensi haiwezi kutumwa kwa jina la mtu. Swali la pili: simu ikikatika, nikupigie namba gani? La tatu ndilo linalosahaulika zaidi: uko na nani hapo? Katika nyumba nyingi simu ni ya mume, au ni ya ukoo mzima. Mwanamke anayeulizwa kuhusu uzazi wa mpango au kipigo huku mwenye simu ameketi kando yake hatajibu ukweli, na daktari ataandika uongo bila kujua. Wazoefu hugeuza maswali yawe ya ndiyo au hapana, asiyezungumza naye asielewe kinachojadiliwa. Ujumbe wa majibu nao haupaswi kutaja ugonjwa.

Vipimo vingine vinaweza kufanywa na mgonjwa mwenyewe akiongozwa vizuri. Mama wa mtoto anayekohoa anaelekezwa amfunue kifua na kutamka "sasa" kila kifua kinapoinuka, huku mtabibu akihesabu kwa dakika nzima. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinajulikana na kila mhudumu wa kliniki ya watoto: pumzi 60 au zaidi kwa dakika chini ya miezi 2, 50 au zaidi hadi miezi 12, 40 au zaidi hadi miaka 5. Hesabu ikifika hapo, ushauri wa simu umekwisha, mtoto aletwe. Mtu mwenye presha aketi dakika 5 bila kuzungumza, mkono uegemezwe usawa wa moyo, apime mara mbili, asome tarakimu zote na si zile zilizompendeza. Ufuatiliaji wa presha na kisukari, kuongezewa dawa, kusomewa majibu, kuulizia madhara ya dawa: haya yote nayaona yakifaa sana kwa simu. Mzee anayepanda daladala mbili na kupanga foleni tangu alfajiri ili aandikiwe vidonge vilevile vya mwezi uliopita anapotezewa siku bila sababu.

Lakini maumivu makali ya kifua, kutokwa damu kwa mjamzito, tumbo lililokakamaa, degedege, mtoto mchanga asiyenyonya, mdomo uliopinda ghafla: kwa hayo, kazi ya simu ni kumtoa mtu nyumbani haraka iwezekanavyo. Kila dakika anayoulizwa maswali ya ziada inapungua kwenye safari yake.

Na kuna homa. Hapa ndipo mifano ya Ulaya na Marekani inapotuacha. Malalamiko yanayoleta watu wengi kwenye zahanati zetu ni homa, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Tumehangaika miaka mingi kuwafundisha watu kwamba si kila homa ni malaria. Daktari wa simu hana tone la damu. Akiandika dawa ya malaria kwa kubahatisha, na antibayotiki juu yake kwa tahadhari, anaturudisha tulikotoka. Kwa hiyo huduma ya simu isiyo na maabara au zahanati ya karibu ya kumpeleka mgonjwa akapimwe siku hiyohiyo haifai kushughulikia homa katika ukanda wa malaria. Nalisema hili bila kulainisha, maana nimeona matangazo yanayoahidi kinyume chake.

Ufuatiliaji wa oksijeni unahitaji maelezo marefu zaidi. Wakati wa korona iligundulika kwamba wapo wagonjwa ambao oksijeni ya damu yao inashuka sana bila wao kuhema kwa shida. England ikaanzisha mpango wa kuwapa watu oksimeta, kile kidude cha kubana kidoleni, wajipime nyumbani na kupiga simu tarakimu zikishuka. Asilimia 95 na kuendelea, tulia. 93 au 94, piga simu upate ushauri. 92 au chini, ni dharura. Ni mpango mzuri, rahisi kueleza hata kwa asiyesoma sana, na ulilenga kupunguza msongamano wa vitanda katika siku ambazo kila kitanda kilikuwa na mtu anayekisubiri.

Kisha Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakalinganisha tarakimu za oksimeta na vipimo vya damu iliyochotwa kwenye ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao kidude kilisoma kati ya 92 na 96, damu ya asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi ilikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kidude hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi ya ngozi hunyonya sehemu ya mwanga huo. Maana yake kwa kliniki ya Mwanza, Mombasa au Bujumbura ni kubwa: mipaka iliyowekwa kwa wagonjwa wengi weupe haiwezi kuhamishwa hivihivi. Anayefuatilia mgonjwa mweusi kwa mbali asiamini 94 peke yake. Aangalie kama inashuka siku hadi siku, aulize kama mgonjwa anaweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, aulize kama jana alitembea hadi msalani na leo hawezi. Tatizo hilohilo liko kwenye picha za ngozi. Wekundu ambao vitabu vingi vinaueleza, kwenye ngozi nyeusi huonekana kama giza au zambarau, na picha iliyopigwa chini ya taa ya njano huficha hata hilo. Programu yoyote inayodai kutambua magonjwa ya ngozi iulizwe kwanza imefunzwa kwa picha za nani.

Sasa twende Rwanda, kwa sababu hakuna nchi jirani iliyojaribu jambo hili kwa upana kama wao. Kampuni ya tiba mtandao ya Babylon ya London iliingia huko mwaka 2016 kwa jina la Babyl, na Machi 2020 ikatia saini mkataba wa miaka 10 na serikali. Ilivyojengwa ilistahili sifa. Mtu hakuhitaji simu janja, kwani alijisajili kwa kubonyeza *811#. Alizungumza na muuguzi kwanza, kisha ikibidi daktari. Akimaliza, alipata ujumbe wenye namba ya siri ya kwenda nayo kwenye duka la dawa au maabara, na bima ya jamii ya Mutuelle, ambayo Wanyarwanda wengi wanayo, ilihusika kwenye malipo. Zaidi ya watu milioni 2 walijisajili katika nchi ya watu milioni 13 hivi. Kila kilichokosekana kwingine kilikuwepo: simu ya kawaida, malipo, dawa, kipimo.

Agosti 2023 Babylon ikaanguka. Kampuni iliyoingia soko la hisa la New York mwaka 2021 ikithaminiwa dola bilioni 4.2 ilishindwa kulipa madeni yake, na mwaka huohuo huduma ya Rwanda ikafungwa. Wagonjwa wa Rwanda hawakuwa na kosa lolote. Walipoteza daktari wao kwa sababu ya hesabu zilizoharibika London na Marekani.

Wengine wamelichukua hilo kama ushahidi kwamba tiba mtandao haiwezekani Afrika. Mimi nalisoma tofauti. Mfumo wa bima, muuguzi anayechuja, ujumbe unaofungua duka la dawa: hivyo vilifanya kazi. Kilichokufa ni mwenye mfumo. Serikali inayotia saini mkataba wa namna hii lazima iandike mapema kumbukumbu za wagonjwa zitakuwa za nani kampuni ikifa, namba ya kupiga itakuwa ya nani, na nani atapokea simu kesho yake. Tanzania ilichukua mkondo mwingine kwa m-mama, mfumo wa rufaa za dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Ulianza kama jaribio la wafadhili Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa kuenea nchi nzima chini ya serikali. Mama au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bure, anayepokea anapima uzito wa hali, anatuma ambulensi au dereva wa kijijini aliyesajiliwa na kulipwa kwa simu, na hospitali inayopokea inaarifiwa kabla gari halijafika. Watu hawauhesabu kuwa tiba mtandao kwa sababu hauna video wala programu ya kupakua. Kwangu mimi ni mmoja wa mifano bora tuliyonayo.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Kenya ilitambua tiba mtandao katika Sheria ya Afya ya 2017, ikapata sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023. Uganda ina sheria yake ya data ya 2019, Rwanda ya 2021, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Vitabu vipo. Kinachonitia wasiwasi ni mazoea: majibu ya wagonjwa kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp yenye jina kamili na namba ya faili, picha za vidonda kubaki kwenye simu binafsi ya mtabibu ambayo mtoto wake huchezea michezo jioni. Janga lilitufundisha haraka hiyo, na haraka hiyo imekuwa desturi.

Kama ningeulizwa fedha kidogo iliyopo iwekwe wapi, ningeiweka kwenye ile huduma ya nne, mtabibu kwa mtabibu. Mgonjwa yuko zahanati, kuna mtu wa kumgusa, wa kupima damu, wa kumchoma sindano, wa kumjua kwa jina. Anachokosa ni bingwa, na bingwa yuko kilomita 300 mbali. Picha moja ya eksirei na maelezo ya sentensi 5 vinaweza kumwondolea mgonjwa safari ya siku mbili, au kumfanya aanze safari hiyo leo badala ya wiki ijayo. Hakihitajiki kifaa cha ajabu. Inahitajika ratiba inayosema nani anajibu leo na kwa muda gani, kumbukumbu inayoonyesha ushauri ulitolewa na nani ili lawama isimwangukie afisa tabibu peke yake, na saa za kujibu zihesabiwe kuwa saa za kazi. Leo katika hospitali nyingi bingwa anajibu ujumbe wa vituo vya chini akiwa njiani kurudi nyumbani, kwa bando lake, kwa hisani. Bima zetu zina bei ya kumwona daktari bingwa na bei ya kulazwa. Ziweke pia bei ya daktari bingwa kujibu swali la mwenzake, na ilipwe kwa hospitali zote mbili, inayouliza na inayojibu.